Bombay Hadi Calcutta, Asubuhi Moja

Chebet mwanangu,

Salamu siziandiki, maana wewe mwenyewe uko hapo nje, na sauti yako naisikia ukicheka na shangazi zako karibu na zizi. Ni saa kumi, mvua imekatika, na mama yako amenifukuza jikoni kwa sababu eti nasimama kila mahali anapotaka kupita. Basi nimekaa hapa mezani na kalamu. Kesho asubuhi tutashuka na lori mpaka Fort Ternan upande treni ya Nairobi, na siku ya pili yake utapanda ndege. Barua hii nitakupa stesheni. Uisome nikiwa sipo, kwa sababu mimi si mtu wa kusema maneno kama haya nikitazamwa usoni.

Mambo ya sweta, mambo ya dawa ya malaria, mambo ya kutoacha pasipoti juu ya meza ya watu, yote mama yako ameshayasema na kesho atayarudia mpaka treni ipige honi. Mimi sitayagusa. Nataka kukueleza kitu kilichokaribia kuiharibu safari yako. Kitu hicho kilikuwa mimi. Ulikuwepo na uliona kwa macho yako, lakini hukujua kilitoka wapi, na sipendi uondoke bila kujua.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hii ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika. Kikwetu nakisema, na ugomvi nagombana kwa Kikwetu, lakini kalamu nilishikishwa jeshini, na jeshini ilikuwa Kiswahili, Mkamba na Mluo na Mkipsigis wote pamoja. Wewe ulikuwa hujaanza hata kutembea vizuri nilipochukuliwa. Nilijua kuendesha lori kidogo kwa sababu ya kazi ya shamba la chai, kwa hiyo wakanitia katika madereva. Tulipelekwa Ceylon kwa meli, kisha Burma. Habari za Burma zenyewe nitakusimulia siku nyingine, au labda sitakusimulia. Leo nataka kukueleza habari ya treni.

Vita vilipokuwa vinaelekea mwisho nilishikwa na homa. Haikuwa homa ya siku mbili tatu kama hizi za hapa. Nilibebwa kwenye machela mpaka hospitali moja nje ya Calcutta, na nikalala pale mpaka majira yakabadilika. Nywele zilianguka, na miguu ikawa kama ya korongo. Kulikuwa na mtu mmoja wa kufagia wodi, mzee mwembamba, ambaye hakujua neno langu hata moja, na mimi sikujua lake. Kila asubuhi alisimama karibu na kitanda changu, akainua kikombe na kusema, “Jol.” Nami nikasema, “Jol.” Hayo ndiyo maji kwa lugha yao. Nimeishi na neno hilo moja miaka yote hii bila mtu wa kumwambia, na sasa nakupa wewe. Ukiwa na kiu, anza na hilo.

Nilipopata nguvu ya kukaa, waliniambia narudishwa nyumbani. Lakini meli ilikuwa Bombay, na Bombay iko upande ule mwingine wa nchi. Tukapakiwa kwenye treni ya wagonjwa, mimi na wenzangu wengi, na mmoja wao ni Mutua, yule Mkamba atakayekungoja kesho kwenye stesheni ya Nairobi. Utamtambua kwa sababu anachechemea na kwa sababu anacheka kabla hujamwambia kitu.

Chebet, treni hiyo haikufika. Najua ilifika, maana niko hapa, lakini ndani ya mwili wangu ninavyoikumbuka haikufika. Tuliondoka jioni. Kukachwa, kukapambazuka, na nje bado ilikuwa nchi ile ile, tambarare, nyekundu, na nyati weusi wamelala ndani ya matope. Jua likawa kali hata chuma cha dirisha hakishikiki. Homa ikarudi. Kila mara tulisukumwa pembeni ili treni ya mizigo ya vita ipite, na tulikaa hapo bila upepo, nikimsikia mtu wa kitanda cha juu akimwita mama yake kwa lugha nisiyoijua. Mutua alikuwa na mguu uliofungwa mbao, lakini alijiburuta kila stesheni mpaka mlangoni na kurudi na chai.

Chai hiyo ndiyo kitu kizuri pekee ninachokumbuka. Wauzaji walikimbia kando ya treni na birika kubwa, wakiimimina kwenye vikombe vya udongo, na ukimaliza kunywa unakitupa kikombe kwenye reli kinavunjika. Mimi nilikuwa nimechuma majani hayo Kericho tangu ndevu zangu hazijaota, nikayabeba kwa kikapu mgongoni, nikayasafirisha kwa lori, lakini chai yenyewe, imepikwa na maziwa na sukari na tangawizi, nilikuwa bado sijainywa. Niliinywa mahali panaitwa Nagpur, nikitetemeka. Nikamwuliza Mutua, “Tumebakiza kiasi gani?” Mutua akamwuliza askari wa treni, akarudi akaniambia, “Anasema ndio tumefika katikati.”

Nilipoambiwa katikati, nilikata tamaa. Nikageukia ukuta na kusema moyoni kwamba nchi hii haiwezi kuvukwa na mtu, na kama Mungu atanitoa, mtoto wangu hatakaa auvuke umbali huu. Nilisema hivyo kama mtu anayeweka kiapo, na kiapo kile kikaendelea kuishi ndani yangu hata baada ya homa kuniacha.

Niliporudi nyumbani ulikuwa msichana wa miaka sita. Ulijificha nyuma ya Kogo, mama yangu, ukashika nguo yake, ukanitazama na jicho moja. Watu wote walikuwa wananililia na kunishika mabega. Wewe ukaniuliza, “Ulikuwa wapi?”

Nikasema, “Mbali.”

Ukasema, “Mbali kama sokoni Chepilat?”

“Zaidi.”

“Mbali kama Chepilat mara ngapi?”

Watu walicheka sana. Mama yangu akakwambia uache kumsumbua mgeni, na neno hilo, mgeni, liliniuma, lakini lilikuwa kweli. Nilikuwa mgeni wako muda mrefu. Tulianza kujuana kwa ajili ya hesabu. Nilikupandisha kwenye lori siku za likizo, ukakaa katikati ya kiti na ile shingo yako ndefu, ukahesabu magunia ya majani tunayochukua kila kituo, na ukanisahihisha. Mara ya kwanza uliponisahihisha nilikasirika. Mara ya pili nilimwambia karani wa kiwanda, “Muulize huyu.” Nadhani siku hiyo ndiyo nilianza kuwa baba yako.

Sasa nije kwenye barua ya kutoka India.

Unajua ilivyochelewa. Mvua ilikuwa imekata barabara, na mifuko ya posta ikakaa ng'ambo ya maji mpaka mto ukatulia. Mwalimu wako wa hesabu aliileta mwenyewe kwa baiskeli, suruali imejaa matope mpaka magotini, na alianza kupiga kelele akiwa bado barabarani. Chuo cha wasichana cha Calcutta kimekukubali. Serikali ya India itakusomesha hesabu mpaka mwisho, italipa chakula, malazi, ndege ya kwenda Bombay na treni ya kutoka Bombay kwenda Calcutta. Kogo alicheza mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Mama yako alikaa chini, pale pale kwenye majani, kama mtu aliyepigwa.

Mwalimu akaendelea kusoma. Mwanafunzi lazima awe amefika chuoni kabla ya Jumamosi saa sita mchana, la sivyo nafasi itapewa anayefuata. Na ndege ya Nairobi huenda mara moja kwa wiki. Iliyobaki ilikuwa ile ya kufika Bombay Alhamisi usiku.

Wote mlikuwa mnasherehekea. Mimi nilikuwa tayari nimerudi kwenye treni.

“Hatafika,” nikasema.

Mwalimu akauliza, “Kwa nini, Mzee?”

“Alhamisi usiku treni ya Calcutta imeshaondoka. Atangoja ya Ijumaa jioni. Inalala njiani mara mbili. Ataiona Calcutta Jumapili, na Jumapili nafasi itakuwa ya mwingine.”

Kogo akaacha kucheza. Nakumbuka hata kuku walinyamaza, ingawa labda hiyo naongeza. Wewe ulichukua barua kutoka kwa mwalimu, ukaisoma tena pole pole, ukauliza, “Baba, na ndege?”

“Ndege ni hiyo ya kukufikisha Bombay.”

“Si hiyo. Nasema ndege ya kutoka Bombay kwenda Calcutta.”

Hapo ndipo nilipocheka. Ningependa kukirudisha kicheko kile nikimeze. Nilikucheka mbele ya mwalimu wako na mbele ya nyanya yako, nikasema, “Wewe huijui nchi hiyo. Mimi nimeivuka. Hakuna kitu cha kuivuka nchi hiyo kwa siku moja.”

“Ni mbali kiasi gani?”

“Siku mbili.”

“Siku si umbali, Baba. Umbali ni maili.”

Nikapandisha sauti. Nikasema utaandika barua na kuomba wakungoje mwaka ujao, na mazungumzo yamekwisha. Ulinitazama bila kulia. Kama ungelia ingekuwa rahisi kwangu. Ulisema tu, “Ndiyo, Baba,” ukaingia ndani, na mwalimu akageuza baiskeli yake bila kunywa hata maziwa.

Jioni hiyo mama yako alikuwa anakamua, mimi nimeshika ndama. Hukusikia tulichosema. Alikamua mpaka karibu amalize, akaniuliza bila kugeuza kichwa, “Hiyo nchi uliivuka ukiwa na nini?”

Nikasema sielewi.

“Ulikuwa na afya?”

“Unajua nilikuwa mgonjwa.”

“Basi,” akasema. “Huyu si mgonjwa. Usimpe homa yako.”

Akainuka na kibuyu chake akaenda. Chebet, mimi nimewahi kupigiwa kelele na maofisa wa Kizungu, nimewahi kutukanwa na nyapara mbele ya watu mia, lakini hakuna aliyenisimamisha kama mama yako kwa maneno yale. Nilibaki nimeshika ndama mpaka akaanza kunilamba mkono. Nilikuwa nadhani nakulinda, kumbe kulikuwa na kijana mmoja mgonjwa aliyegeukia ukuta, karibu na Nagpur, na nimekuwa nikimwuliza yeye kila ninapotaka kujua ukubwa wa dunia.

Nilidhani nitakuja kukuamsha asubuhi nikwambie. Lakini nilipofika kwenye lori ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umekaa juu ya ngazi ya mlango na kitabu chako cha ramani kwenye magoti, na uzi mweusi wa mama yako wa kushonea umezunguka kidole.

“Sijaja kubishana,” ulisema. “Nimekuja kukuonyesha hesabu. Ikiwa ni mbaya nitaandika barua ya mwaka ujao.”

Uliuweka uzi kutoka Bombay mpaka Calcutta, ukauvuta mpaka ukanyooka, halafu ukaushusha kwenye kile kipimo kilicho chini ya ukurasa. Maili elfu moja na kidogo. Nikakwambia hapana, treni ni zaidi ya hapo, tulizunguka milima. Ukasema ndiyo, ya treni ni zaidi kwa sababu reli inapinda, lakini ndege haipindi. Halafu ukaniambia mwendo wa ndege za siku hizi, ulivyousoma kwenye gazeti la mwalimu, maili mia mbili na hamsini kwa saa moja.

“Gawa,” ukasema.

Niligawa. Mimi si mtu wa shule lakini dereva yeyote anajua kugawa maili kwa mwendo. Nikapata masaa manne na kidogo. Nikagawa tena, nikidhani nimekosea. Masaa manne! Sikuamini, na uliona siamini, ndipo uliponiuliza lile swali ambalo naona ndilo linalokupeleka India.

“Baba, kutoka hapa mpaka kiwandani unachukua muda gani?”

“Kukiwa kavu au kukiwa na matope?”

Ukaningoja. Nilikuwa nimeshalijibu swali lenyewe kabla sijalisikia. Kukiwa kavu naenda na kurudi kabla umande haujakauka. Kukiwa na matope naweza kulala njiani, na majani yakashika joto na kugeuka mekundu, na kiwanda kikayakataa. Lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba kiwanda kimehama.

“Ile treni,” ulisema kwa sauti ndogo, “ilikuwa na matope.”

Nikakwambia upande lori.

Tulikwenda Kericho moja kwa moja, na majani ya asubuhi hiyo yalichukuliwa na dereva mwingine. Katika ile ofisi ya elimu tulingoja kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Karani alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Alituambia tiketi zimeshapangwa na wakubwa Nairobi, na tiketi ni ya treni, na yeye hajawahi kusikia mtu akiomba ibadilishwe. Nilijua mimi ningesema asante na kuondoka. Wewe ulisimama. Ulimweleza kama unavyomweleza mdogo wako, bila haraka na bila kumdharau, ndege inafika lini, treni inaondoka lini, chuo kinafunga lini. Akakusikiliza. Kisha akanigeukia mimi.

“Mzee, hii habari ya treni ni kweli? Ni mbali namna hiyo?”

Na mimi, ambaye sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako sikumwambia yote, nilieleza. Nilieleza nchi nyekundu, na kusukumwa pembeni, na Mutua akijiburuta na mguu uliofungwa mbao, na lile neno, katikati. Wewe ulikuwa unanitazama. Hukuwa umeyasikia hayo kamwe. Karani aliweka kalamu chini. Nilipomaliza alisema, “Huyu msichana asipande hiyo treni,” akavuta simu na kuomba Nairobi.

Siku zile tulizongoja jibu sikulala vizuri, na wewe pia, maana nilikusikia. Mjomba wako alikuja kusema kwamba ni afadhali, msichana hana haja na hesabu za Calcutta. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwuliza kama anajua kuna masaa mangapi kwa ndege kutoka Bombay hadi Calcutta. Alisema atajuaje. Nikamwambia, “Basi subiri ukijua ndio turudi kwenye mazungumzo.” Sikuwahi kumjibu mjomba wako hivyo tangu nioe. Mama yako alikuwa nyuma ya mlango na nilimsikia akifinya kicheko.

Jibu lilipokuja, wewe ulikuwa shuleni, kwa hiyo hukuona nilivyolipokea, na nataka ulijue. Nilikuwa kwenye lori kwenye lile shamba la juu, majani yamepakiwa, wachumaji wanangoja kituo kinachofuata. Tarishi wa ofisi alikuja mbio akipitia katikati ya michai, akipunga karatasi ya telegramu. Nilidhani ni kifo. Sikutaka kuifungua, akanifungulia yeye, akanisomea. Kiti cha ndege kimepatikana, Bombay mpaka Calcutta, Ijumaa asubuhi. Kufika kabla ya chakula cha mchana.

Mwanangu, nilizima lori. Nilishuka. Sijui nilitaka kufanya nini. Wale mama wachumaji waliniuliza, “Kuna nini, arap Koskei?” Nikasema, “Chebet anakwenda India! Anavuka India yote asubuhi moja!” Nusu yao hawakujua India iko wapi, lakini wanawake wale wanajua sauti ya mtu aliyeshinda. Mmoja alipiga kigelegele, mwingine akamjibu kutoka mlima wa pili, na kikaenda hivyo kutoka mstari mpaka mstari, mpaka watu wa bonde lile ambao siwajui wakawa wanapiga vigelegele kwa ajili yako bila kujua sababu. Nyapara akaja akifoka kuhusu majani. Nikamwambia leo majani yatachelewa. Akanitazama, akaitazama karatasi, akavua kofia yake. Yalichelewa, na kiwanda kiliyapokea hivyo hivyo.

Jioni ulipotoka shule ulikuta Kogo amesimama njiani na sinendet, mmea ule wa kutambaa, aliyoikata mwenyewe msituni, na umri ule wake, na magoti yale. Alikuvika mmea huo shingoni kama tulivyokuwa tukivikwa sisi vijana tuliporudi tumeshinda. Akakupa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu chake cheusi. Nilimsikia mtu akinong'ona kwamba hayo ni ya wanaume. Kogo alisikia pia, ingawa husema hasikii. Akasema kwa sauti ya kila mtu, “Mwanamume yupi wa hapa aliyeshinda Jumapili?” Kwanza hakuna aliyeelewa, halafu wote tukaelewa pamoja kwamba ni ile Jumapili niliyosema utafika umechelewa, na nadhani hata ng'ombe walisikia tulivyocheka.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa upande wangu. Sitakupa orodha ya mashauri. Ninalo hili moja tu, na silisemi kwa sababu mimi ni mkubwa, nalisema kwa sababu lilinigharimu. Huko utakutana na watu waliovuka mahali unapotaka kupita, nao watakwambia hakupitiki. Wasikilize, maana hawasemi uongo. Mimi sikusema uongo. Waulize tu walipita wakati gani, na wakiwa na nini. Na wewe ukizeeka, ukawa na watoto wanaotaka kwenda mahali palipokuumiza, ujichunguze kwanza kabla hujajibu. Mimi sikujichunguza. Ilibidi mama yako anichunguze, tena akiwa na kazi ya kukamua.

Ijumaa asubuhi, ukishakaa kwenye ndege hiyo, kama mawingu yataruhusu, tazama chini. Hiyo nchi nyekundu ndiyo niliyokwambia. Usinihurumie. Nitakuwa kazini, na nitakuwa najua saa yako kuliko ninavyojua yangu. Utakapokuwa juu ya Nagpur mimi nitakuwa napakia majani, na nitasema na mtu yeyote aliye karibu, “Huyo, ameshafika katikati,” na safari hii neno hilo nitalisema nikicheka.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna jambo la leo asubuhi ambalo sijamwambia hata mama yako. Nilikuwa nimekwenda sokoni Chepilat kununua kamba ya kufungia sanduku lako. Maisha yangu yote, Chebet, nimeitwa kwa jina la mtu mwingine. Nyumbani mimi ni arap Koskei, mtoto wa Koskei, na Koskei alikuwa mtu mkubwa, sina lalamiko. Jeshini nilikuwa namba. Shambani mimi ni dereva, “Wewe dereva, njoo hapa.” Sasa leo, nimeinama nachagua kamba, mama mmoja mzee kutoka upande wa Kisii, ambaye sijamwona maisha yangu, alinishika mkono wa shati. Alikuwa na binti mdogo wa miaka saba hivi, amemshika kwa mkono mwingine.

“Samahani,” akasema. “Nimeambiwa wewe ndiye baba yake Chebet.”

Nilinyooka. Nadhani sijawahi kunyooka hivyo hata mbele ya jenerali.

“Ndiye mimi,” nikasema.

Yule mama akamsukuma mtoto mbele kidogo, akamwambia, “Msalimie. Msalimie vizuri.”

Mtoto akanipa mkono.

Mimi,
Baba yake Chebet